Mama Emerance wa Kule kwa Jua

Ukitoka Bunia ukashika njia ya Irumu, kisha ukakata kwa mukono wa kuume na kupanda karibu saa nzima kwa miguu, unafika kwenye nyumba moja ya muviringo yenye kichwa cha manjanja, yale mabati ya kuezekea. Wazungu ndio waliijenga zamani kwa kuangalia mambo ya juu, na kwenye karatasi za serikali iko na jina refu la Kifaransa. Siye watu wa Bunia tunasema tu kule kwa Jua. Mutu akiuliza Mama Emerance anafanya kazi wapi, hata mutoto wa kupiga mupira barabarani atamujibu hivyo: kule kwa Jua.

Aliingia pale mwaka wa tisini na moja kama mufagiaji. Alikuwa amesoma mupaka darasa la sita, basi, kwa sababu nyumbani kwa baba yake ng'ombe walikuwa wengi na wasichana walikuwa wengi pia, na shule ilikuwa mbali. Mwenye kuangalia jua wakati ule alikuwa Muzee Hippolyte, mutu wa maneno machache, mwenye jicho moja tu la kuona. Lile lingine liliungua ujanani, siku alipotia jicho kwenye darubini na kulitazama jua kwa muda wa kusema Baba Yetu mara moja. Tangu siku ile kila aliyeingia mulangoni alimupa sheria moja: jua haliangaliwi, jua linakaribishwa juu ya karatasi.

Na kweli ndivyo walivyofanya. Kila asubuhi saa tatu, mbele mawingu hayajaamka kutoka upande wa ziwa, muzee alivuta kamba na kichwa cha nyumba kikazunguka mupaka tundu lake lielekee jua. Darubini ilipokea mwangaza, kioo kidogo kiliurudisha chini, na jua lenyewe likaanguka juu ya meza ya simenti iliyo katikati ya chumba, duara jeupe kubwa kama sahani ya kulia fufu. Ndani ya lile duara kulikuwa na madoa meusi, siku zingine mawili, siku zingine ishirini, siku zingine hakuna. Muzee alichukua kaye, daftari lake, ambamo ameshapiga duara la kipimo kilekile, akachora kila doa pahali pake kwa kreyo, akaandika tarehe na saa, halafu pembeni kwa mukono wa kuume akaweka herufi E, maana yake Est, mashariki. Mwisho wa mwezi kaye ilitumwa Kinshasa. Kazi ilikuwa hiyo. Ukiiona siku moja unacheka. Ukiiona miaka kumi unanyamaza.

Emerance alianza kuchora siku muzee alipolazwa na malaria. Alimukuta ameketi kitandani analia, si kwa homa, bali kwa sababu saa tatu ilikuwa imekaribia. Akamuambia angejaribu. Mukono wake ulikuwa umezoea kushona maua kwenye vitambaa vya meza za kanisa, na doa la jua halikumushinda kuliko ua la uzi mwekundu. Muzee alipoona ile karatasi aliishika karibu na jicho lake zima, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mama, kuanzia leo ufagio itakungojea kidogo."

Alimufundisha mambo matatu tu: ukae kwenye kiti hiki, uweke E kwa mukono wako wa kuume, na siku isikatike. Hilo la tatu alilirudia mupaka kufa kwake. Alisema katika dunia nzima kuna nyumba nyingi kama hii, kila moja inachora jua la nchi yake, na jua la Ituri likikosekana siku moja, ile siku haitarudi tena. Siku ya mawingu, andika mawingu. Siku ya kuuguwa, andika kuuguwa. Lakini andika. Alikufa mwaka wa elfu mbili na mbili, kwa tumbo, vita ikiwa imeshafika kwenye vijiji vya karibu. Kinshasa haikutuma mutu mwingine, na ndege za kupeleka kaye hazikuwepo tena. Emerance alimuzika muzee siku ya Tano, na kesho yake, siku ya Posho, saa tatu alivuta kamba.

Ya vita tuliyaona wote, hatutayarudia. Tuseme tu kwamba wenye bunduki walibeba jenereta, wakabeba saa ya ukutani, wakabeba nusu ya manjanja ya kichwa cha nyumba. Kioo cha darubini hawakukibeba kwa sababu hawakukiona. Emerance alikuwa anakifungua kila akimaliza kuchora, anakivingirisha ndani ya kitenge, anakizika ndani ya debe la unga wa muhogo. Alipokimbilia Irumu pamoja na watu wa kanisa, siku kumi na moja, lile debe lilikuwa kichwani kwake, na wenzake walimusifu kwa kuwa mama anayefikiri chakula. Katika kaye ya zile siku kumi na moja aliandika kila siku kama alivyofundishwa: Irumu, kukimbia. Jua liko. Madoa sijaona.

Kisha amani ikaja, ile amani yetu ya kulala na nguo mwilini. Kofia za buluu, wale askari wa Umoja wa Mataifa, zilipita barabarani, soko likafunguliwa, watu wakajenga upya, lakini kila nyumba ilikuwa na mufuko mumoja uliofungwa tayari nyuma ya mulango. Miaka ilipita hivyo, karibu kumi. Emerance alipanda mulima kila asubuhi. Watoto wake walikua, wakaoa. Kaye zilijaa sanduku la kwanza, zikajaa la pili.

Mwezi wa kumi wa mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, barua ilifika: enjenyere mumoja wa serikali anatoka Kinshasa kuja kuangalia kama ile nyumba ibaki ao ifungwe. Kampuni moja ya simu ilikuwa inautaka mulima kwa kuweka antena yake. Barua ilisema wazi kwamba nyumba itabaki kama kazi yake haikukatika katika miaka ya vita. Kama ilikatika, basi.

Emerance aliposoma hayo alicheka peke yake kwa furaha. Alikuwa na masanduku mawili.

Enjenyere aliitwa Athanase, mutoto wa Niania, humuhumu Ituri, aliyepelekwa Kinshasa kusoma na akabaki kule. Alikuwa mupole, na Kiswahili hakukisahau. Alipanda mulima siku ya Ine, jasho mupaka kwenye viatu, akasalimia vizuri, akakubali maji. Emerance alimufungulia masanduku. Yule bwana alitoa kaye tatu, za miaka mbalimbali, akaketi kizingitini akazifungua moja kwa moja, akilinganisha siku na siku. Emerance alisimama pembeni akishika mikono kama mutu anayengoja kubatizwa.

Enjenyere alikawia sana na kaye ya tatu. Halafu akaifunga.

"Mama," akasema polepole, "kazi ni nyingi, na muandiko ni muzuri. Lakini jua lako linatembea kinyumanyuma."

Akamueleza. Jua linazunguka, na madoa yake yanatembea nalo, yanatoka mashariki yanaenda magharibi. Mwenye kuweka E kwa mukono wa kuume lazima aone madoa yakitoka kuume kwenda kushoto, siku kwa siku. Katika kaye zake yalitoka kushoto kwenda kuume. Mwaka wa elfu mbili na tano vile, wa elfu mbili na tisa vile, mwaka jana vile. Mutu aliyekuwa na jua mbele yake, alisema, hangeweza kukosa hivyo miaka yote. Hakutamka kwamba mama alizitunga nyumbani kwake akiwa anakaanga samaki. Hakuwa mutu wa kutamka neno kama hilo. Alisema tu kwamba siku ya Kwanza, Yenga ikipita, atatuma raporo yake Kinshasa, na kwamba anasikitika.

Emerance alishuka mulima bila kuona njia. Jirani yake Mama Fifi, ambaye anamupenda lakini mudomo wake hauna mulango, alimukuta jikoni na kumufanya aseme yote. Alisikiliza, akapiga makofi kidogo.

"Kumbe miaka yote hii ulikuwa unachora jua ya Uganda," akasema. "Ya kwetu haijuake kurudi nyuma."

Alitaka amuchekeshe. Alipoona machozi alikaa chini, akachukua kisu na kumusaidia kukata majani ya sombe mupaka yakaisha.

Usiku ule Emerance hakuomba nyumba ibaki. Aliomba neno moja tu, akiwa na magoti kwenye mukeka: Bwana, weye ndiye uliliweka jua pale. Unajua kama nililiangalia.

Sasa, siku ya Yenga iliyofuata, siku ya kusali, haikuwa siku kama zingine. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba mangaribi yake, kuanzia saa tisa, mwezi utalifunika jua karibu lote. Muji wa Bunia ulikuwa umeingiwa na wasiwasi. Wengine walisema ni mwisho, wengine walisema vita inarudi na hii ndiyo alama, na kwenye kartiye moja ya muji watu walikuwa wameshatoa ile mifuko ya nyuma ya mulango. Pasta Étienne alimuita Mama Emerance mbele ya kanisa aseme anachojua. Angeweza kukataa, kwa kuwa siku tatu mbele ya hapo aliambiwa hajui kitu. Alisimama na kusema kwa sauti yake ndogo kwamba mwezi utapita mbele ya jua sawa vile mutu anavyopita mbele ya taa, na taa haizimike. Akasema asiwepo wa kulitazama kwa macho, akataja jicho la Muzee Hippolyte, ambalo wengi walilikumbuka. Mwenye kutaka kuliona, alisema, apande kule kwa Jua, ataliona juu ya karatasi.

Walipanda. Kanisa karibu lote lilipanda, bamama na vitoto mugongoni, wazee na fimbo, wanakwaya na nguo zao za zambarau. Mama Fifi alibeba termosi ya chai kama mutu anayeenda matanga, maana hakujua siku itaishaje. Mawingu yalikuwa mengi upande wa ziwa, lakini juu ya mulima palikuwa wazi.

Enjenyere Athanase alikuwa ameshafika, maana naye hakutaka kukosa siku ile. Hakukasirika kuona watu. Alisogea, akasema kazi hii ni nzuri kuifanya wawili, kila mumoja achore yake. Alipiga duara kwenye karatasi yake, akavuta kiti akaketi upande wa mulango, huku watu wamejaa mulangoni nyuma ya mugongo wake wanapumua shingoni mwake. Emerance aliketi pahali pake, ng'ambo ya meza, mugongo kwenye ukuta. Enjenyere aliwaeleza watu kwamba mwezi unaingia siku zote kwa upande wa magharibi ya jua, hauna njia nyingine. Wote wawili waliandika E kwa mukono wa kuume. Jua likakaa katikati yao mezani, jeupe, limetulia.

Saa tisa ilipopita kidogo, ukingo wa jua ulimegwa.

"Ndiyo hiyo," akasema enjenyere. "Magharibi. Kushoto."

Emerance alikuwa na kreyo juu ya karatasi. Aliona ule mumego vizuri sana. Ulikuwa kwa mukono wake wa kuume, palepale alipoandika E.

Hakuchora. Aliangalia karatasi yake, akaangalia ile herufi, akamuangalia enjenyere ng'ambo ya meza, kisha akaangalia mulango. Akaweka kreyo chini. Akasimama, akazunguka meza, watu wakamupisha, akasimama nyuma ya bega la enjenyere na kutazama jua kutoka pale. Miaka kumi alikuwa hajasimama pale saa jua likiwa mezani. Mumego ulikuwa kushoto.

"Papa Enjenyere," akasema, "uniwie radhi. Njoo ukae kidogo pale kwangu."

Yule bwana hakuelewa, lakini alikwenda. Akaketi kwenye kile kiti cha ukutani.

"Unaona nini mbele yako?"

Akainua kichwa. "Naona batu. Naona mulango."

"Ni ile," akasema Emerance. "Niliketi pale kusudi nione mulango."

Akawasimulia, na waliokuwa nje wakasogea karibu. Mwezi wa tano wa ule mwaka mubaya, wa elfu mbili na tatu, tarehe kumi na moja, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Muzee Hippolyte, upande wa mulango, ameinamia karatasi. Hakusikia miguu. Alisikia kitu cha baridi kwenye shingo. Walikuwa watatu, wenye bunduki, wakamuuliza anachora ramani ya nani. Akajibu anachora jua. Mumoja akainama, akaliona kweli pale mezani, akaanza kuhesabu madoa kwa kidole kama mutoto wa shule, akafika matatu. Wakabeba saa ya ukutani wakaenda zao. Kesho yake, tarehe kumi na mbili, alivuta kiti ng'ambo ya meza na hakukirudisha tena. Nani katika Bunia ya wakati ule aliketi akiupa mulango mugongo? Hata mezani kwa chakula tulikuwa tunasukumana juu ya viti vya ukutani. E aliiweka kwa mukono wa kuume kama alivyofundishwa. Hakufikiri kwamba yeye mwenyewe amegeuka.

Enjenyere alikuwa ameshafika kwenye sanduku. Alitoa kaye ya ule mwaka, vidole vinatafuta mupaka kwenye tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Madoa matatu, yameketi kama mafiga, juu kwa mukono wa kuume. Akafungua ukurasa wa tarehe kumi na mbili. Madoa matatu, chini kwa mukono wa kushoto. Akaishika kaye kwa mikono miwili na kuigeuza, juu ikawa chini. Mafiga yakapanda juu kuume, yamesogea kidogo tu kuelekea katikati, mwendo wa siku moja kabisa. Akafungua kumi na tatu imegeuzwa vilevile. Kumi na ine. Kumi na tano. Yalitembea kutoka kuume kwenda kushoto bila kuruka hata siku, yakafika ukingoni, yakazama. Akachukua kaye ya mwaka wa tano akaigeuza. Akachukua ya mwaka wa tisa. Alikuwa anafungua haraka, anacheka bila sauti, na jasho linamudondoka.

"Haikukatika," akasema. Akawageukia watu wa mulangoni, akasema tena kwa sauti ya mutu aliyesahau kwamba yeye ni mukubwa kutoka Kinshasa: "Haikukatika hata kidogo. Ni kaye tu ya kugeuza. Mama alichora jua ya kweli, siku zote, mupaka ya leo."

"Niliwaambia," akasema Mama Fifi, ambaye hakumuambia mutu kitu.

Pale mezani jua lilikuwa limebaki jembamba kama ukucha. Nje mwangaza ulikuwa umegeuka rangi, si jioni, si asubuhi, na baridi ilipita mugongoni mwa watu. Chini mujini majogoo yaliwika, mbwa wakalia, na bamama wamoja wakawavuta watoto karibu. Watu wote walimuangalia Emerance. Alikuwa amerudi kwenye karatasi yake na anachora. Akasema bila kuinua kichwa, "Ngojeni kidogo. Inarudi."

Ikarudi. Ule ukucha ulinenepa, ukawa kipande cha ndizi, ukawa nusu sahani, na manjanja ya Bunia chini yakaanza kuwaka tena moja moja, kutoka upande wa Mambasa kuja kwetu. Hapo wanakwaya hawakungoja Pasta Étienne awaanzishie. Waliimba wimbo wa kumushukuru Mungu ule tunaoimba siku ya mavuno, na mulima wote ukaushika. Bamama walimuzunguka Emerance, wakamufunga kitenge kiunoni, wakamutoa nje mupaka kwenye nyasi na kumuchezesha, yeye aliyekuwa hajacheza tangu ndoa ya mutoto wake wa kwanza. Enjenyere wa Kinshasa alicheza pia, vibaya, na termosi ya Mama Fifi ikanywewa kama chai ya arusi. Mujini, ile mifuko ilirudishwa nyuma ya milango, na tunajua nyumba zingine ambamo ilifunguliwa kabisa na nguo zikarudi kwenye kamba.

Raporo iliondoka siku ya Kwanza kama ilivyosemwa. Jibu lilifika mbele ya Noeli. Nyumba inabaki, antena itafutiwe mulima mwingine, manjanja mapya yatatumwa. Na pale ambapo barua za zamani ziliandika Hippolyte, mwangalizi, hii mupya iliandika Emerance, mwangalizi. Alimupa Pasta Étienne aisome kanisani, kisha akaitia ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, na hakuitoa tena.

Lakini kuna jambo dogo lililotangulia ile barua, na yeye mwenyewe analihesabu kuwa kubwa zaidi. Ilikuwa asubuhi ya ile siku ya Kwanza, kesho yake ya ile siku kubwa. Alipanda peke yake. Akavuta kamba, akatoa kioo kwenye debe la unga, akakipanguza, akakifunga pahali pake. Jua likaanguka mezani, duara zima. Akaangalia kile kiti cha ukutani. Enjenyere alikuwa amemuambia aketi popote anapotaka, mradi aandike upande gani. Akakishika kiti, akakivuta polepole, miguu yake inakwaruza simenti, akakizungusha meza mupaka pahali alipokiweka Muzee Hippolyte. Mulango ulikuwa wazi. Akaketi akiupa mugongo.

Upepo wa mulimani ulimugusa shingoni, palepale. Akafunga macho kidogo, akayafungua. Akaandika tarehe. Akaandika E kwa mukono wa kuume. Madoa yalikuwa saba, na alikuwa ameshachora mane aliposikia miguu nyuma yake, miguu ya mutu anayepanda haraka, inakaribia, inafika kizingitini, inasimama.

Hakugeuka. Alichora la tano, la sita, na la saba.

"Karibu, Mama Fifi," akasema. "Weka chai pale pembeni, jua lisisogee."